Trela ya Kwenda Korbesa

Halkano alipiga simu jua likianza kuchomoza, na kwa vile hata hakusalimia, Rahab alijua kuna jambo.

"Mama ametoka nyumbani tangu jana alasiri. Tumetafuta mpaka tumechoka. Nyayo zimepotelea kwenye mawe."

"Ana maji?"

"Hana kitu. Na unajua siku hizi kichwa chake. Hata mimi wakati mwingine hanijui. Rahab, lete mbwa."

Rahab alikuwa mkufunzi wa mbwa wa kunusa katika hifadhi moja ya wanyama nje ya mji wa Isiolo. Halkano alikuwa askari wa hifadhi hiyo hiyo, yuko likizo kwao, katika kijiji cha mbali cha Korbesa. Mbwa walikuwa wawili, Radi na Malkia, na wote walikuwa wazima. Shida ilikuwa gari lao. Lilikuwa gereji, injini imefunguliwa. Iliyobaki ilikuwa pikapu ya viti vya mbele tu, na nyuma yake ilikuwa lazima ibebe mapipa ya maji na dizeli. Kumweka mbwa wa kunusa kando ya dizeli safari nzima ya Korbesa ni sawa na kumkata pua.

"Tutafute trela," alimwambia Luke, dereva.

Walikwenda mtaa wa Wabera kwa Mzee Dualeh, msafirishaji aliyekuwa na yadi nyuma ya nyumba yake. Walimkuta akinywa chai. Rahab alimweleza kwa maneno machache. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mama, unajua kwetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi. Trela zangu hubeba unga, hubeba mbuzi wa watu."

"Najua, mzee. Ndiyo maana naomba, siamrishi."

"Huyo aliyepotea ni mzee?"

"Ni mzee sana."

Dualeh akainuka. "Chukueni. Mkirudisha nitaosha mara saba, na moja kwa mchanga. Hiyo ni kazi yangu na Mungu wangu."

Kulikuwa na trela mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mabati pande zote, imepakwa rangi nyeupe, springi nzuri, mlango wenye raba unaofunga kabisa. Ya pili ilikuwa ya wavu, ya kubebea mbuzi, imekwaruzika, na gurudumu moja limelala upande.

"Hii nyeupe," Luke alisema, tayari anarudisha pikapu kinyumenyume. "Vumbi haliingii, na hairuki kwenye mawe."

Rahab alizunguka ile nyeupe. Ilikuwa na matundu madogo mbele, ambayo yangekaa juu kidogo ya bomba la moshi la pikapu. Luke alipomaliza kuifunga kwenye gari, Rahab akaingia ndani na kuchuchumaa.

"Nifungie. Halafu washa gari."

"Rahab, hatuna muda wa mchezo."

"Nifungie, Luke."

Mlango ukafungwa. Giza likawa kamili, isipokuwa vile vitundu. Injini ikanguruma na bati likaanza kutetemeka mgongoni mwake. Jua lilikuwa bado changa, lakini jasho lilimtoka papo hapo. Alivuta pumzi polepole kama mbwa aliyelala. Mwanzoni alisikia harufu ya rangi tu. Kisha kitu kikamkwaruza koo, na macho yakaanza kuwasha.

Akagonga. Hakuna aliyefungua. Luke alikuwa anakanyaga mafuta, na kelele za injini zilimeza kila kitu. Rahab akagonga kwa ngumi mbili, akaita, akakohoa, akapiga teke mlango. Kichwa kilikuwa kimeanza kuwa chepesi. Akageuka akaweka mdomo kwenye tundu, na moshi ukamwingia moja kwa moja.

Mwanga ukafurika. Dualeh alikuwa amevuta komeo. Alimshika mkono akamtoa, akamketisha chini. Luke alikuja mbio akamwona anatapika, uso wake ukabadilika.

"Sikusikia. Haki sikusikia."

"Radi angegonga na nini?" Rahab aliuliza alipopata sauti. "Ifungue. Tunachukua ya wavu."

"Ya wavu imekufa beringi ya gurudumu."

"Ninayo nyingine," alisema Dualeh. "Lakini si kazi ya kupepesa jicho."

Luke akamvuta Rahab pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Yule mama yuko juani saa hii. Kila tunapokawia hapa anakauka. Tufungue mlango wa hii nyeupe nusu, twende."

Rahab aliitazama trela ya wavu. Alimjua mama Halkano. Alikuwa amekunywa maziwa nyumbani kwake. Angeweza kufa kwa sababu ya beringi moja, na uamuzi ungekuwa wake yeye Rahab, si wa mtu mwingine.

"Mlango ukifunguliwa nusu, moshi utazunguka uingie kwa nyuma," alisema mwishowe. "Tukifika na mbwa waliolevywa na moshi, tutakuwa tumempelekea nini? Chukua jeki."

Dualeh mwenyewe aliingia chini ya trela na kanzu yake. Luke alishika jeki. Rahab alilowesha magunia akayafunga juu ya wavu yawe kivuli, akatandika majani makavu sakafuni. Katikati ya kazi Halkano akapiga tena. Walikuwa wamepata kandambili moja ya mama.

"Usiishike," Rahab alimwambia. "Ifunike na sufuria harufu isipotee, mtu asikanyage hapo. Tunakuja."

Beringi ilipowekwa, walipitia hifadhini kuwachukua mbwa, wakashika njia ya Korbesa. Kila waliposimama, Luke aligusa gurudumu kuona kama limepata moto, na Rahab alimwaga maji kwenye magunia. Mbwa walikuwa na vumbi hadi kope, lakini walikunywa na kutikisa mikia.

Walifika Korbesa jua limeanza kuinama. Rahab alimpeleka Radi hadi kwenye sufuria, akaifunua. Mbwa alinusa kandambili, akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Watu wa kijiji walitazama kutoka mbali. Ghafla kamba ikakazana mkononi mwa Rahab, wakaenda, Malkia na Luke nyuma yao, Halkano akikimbia kando.

Walipita mawe, wakashuka kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka. Chini ya mti wa mswaki kulikuwa na kitambaa cha kijani. Radi akalala chini, kama alivyofundishwa kufanya akimpata mtu.

Mama Qabale, mamake Halkano, alikuwa ameegemea shina, midomo imepasuka, macho yamefumba. Halkano alipiga magoti akaogopa kumgusa. Rahab akaweka vidole shingoni mwa mama, akangoja, akangoja.

"Yupo," alisema.

Walimpa maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo. Baada ya muda macho yalifunguka, yakatulia juu ya mbwa waliokuwa wanahema mchangani. Alinong'ona kitu kwa Kiborana.

"Anasemaje?" Luke aliuliza.

Halkano alijifuta uso kwa mkono. "Anasema ndama hawa ni wa nani, wana kiu. Anataka tuwanyweshe kwanza."

Akachukua chupa kutoka kwa Rahab, akachimba shimo dogo mchangani, akatandaza ndani yake koti la mvua alilobeba kumkinga mama na jua, na kuwamiminia mbwa maji.