Saini Nne za Fahali

Fahali alikuwa na kilo mia nne na kumi, na karatasi yenye saini nne.

Karatasi ilikuwa kazi ya mhadhiri. Kwa miaka mingi kila idara ya kitivo cha mifugo ilichinja wanyama wake: watu wa ubongo walichukua kichwa wakatupa mwili, wa nyama walikagua mzoga wakatupa ngozi, wa ngozi walichuna wakatupa kilichobaki. Ng'ombe kumi na watatu kila muhula, na mashimo ya chokaa ya kuzikia mabaki yalikuwa yamefika ukuta wa hosteli. Mhadhiri hakutaka uendelevu uwe somo la pembeni la Ijumaa mchana. Aliuingiza ndani ya masomo yenyewe: mnyama mmoja, idara nne, kisitupwe kitu, hata samadi ya tumboni iende kwenye mtambo wa gesi. Asubuhi hiyo ilikuwa ya jaribio. Likifaulu, baraza la chuo lingepitisha mtaala. Saini moja ikiondolewa, mtaala umekufa.

Mchinjaji wa chuo, mume wa dada yake, aliisoma karatasi huku kisu kikiwa mkono wa pili.

"Shemeji, hii umeiandika wewe?"

"Mimi na wakuu wa idara."

"Basi mmemfungia ng'ombe milango yote ya kufa. Tazama. Ubongo hawataki bastola, fuvu lisitobolewe. Nyama hawataki sindano ya usingizi, dawa itabaki kwenye minofu. Ngozi hawataki nikate shingo, wanataka tundu dogo kifuani. Na hawa wa gesi wanataka nini?"

"Awe ameshiba."

"Ahsante. Kwa hiyo ameshiba, yuko macho, na mimi nimpigie magoti. Nimchinje au nimchumbie?"

Wanafunzi ishirini na wawili, wamevaa aproni na buti nyeupe, waliangua kicheko. Mhadhiri aliipitia karatasi tena, mstari kwa mstari. Kila sharti lilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa sahihi. Wakuu wanne walikuwa wamesoma kila mmoja sharti lake. Yeye aliyasoma yote, lakini aliyasoma akihesabu kinachookolewa.

"Kizimba na kamba tatu vinatosha," alisema. "Umechinja miaka ishirini."

"Nimechinja waliozimishwa, shemeji. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Haya, wewe ndiye mwenye shahada."

Fahali aliingizwa kizimbani, kamba moja kwenye pembe, mbili miguuni. Mchinjaji alipiga goti, akapapasa kifua, akachoma. Kisu kilizama hadi mpini na damu ikampiga usoni. Fahali aliguna tu, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kisha akajirusha mbele. Lango la kizimba liling'oka bawaba. Kamba za miguu zilikatika moja baada ya nyingine, zikachapa ukuta. Mchinjaji alirudi nyuma, buti likateleza kwenye damu, pembe ikamkuta ubavuni. Ilimwinua ikambana ukutani, na chumba kizima kikasikia mbavu zikivunjika.

Wanafunzi wawili walidaka mkia. Mmoja alipigwa teke la goti, akabaki sakafuni akilia, mguu umepinda upande usiopindika.

Mhadhiri alifungua kabati akatoa bastola ya msumari. Haina risasi: fataki husukuma chuma kinene kama kidole, kikatoboa fuvu na kurudi. Lazima mdomo wake uguse paji.

"Usipige kichwa!" mtaalamu wa ubongo, mmoja wa wakuu wanne waliotia saini, alipiga kelele kutoka juu ya meza alikokimbilia. "Damu inatoka, atakufa mwenyewe! Subiri kidogo!"

"Shemeji," mchinjaji alisema kwa pumzi iliyobaki, "huyo... usimsikilize."

Ubaoni mhadhiri alikuwa amechora mara nyingi: mstari kutoka kila jicho hadi pembe ya upande wa pili, piga inapokutana. Ubao hautikisiki. Alikamata pembe kwa mkono wa kushoto, akagandamiza, akafyatua. Fahali aligeuza kichwa wakati uleule. Chuma kiliingia kwenye jicho, likapasuka. Fahali alinguruma akasukuma tena, na safari hii mchinjaji hakutoa sauti. Mhadhiri alitia fataki ya pili kwa vidole vinavyoteleza. Alijilaza juu ya shingo ya fahali kwa uzito wake wote, akatafuta mahali penyewe, akafyatua. Fahali alianguka mara moja, na mchinjaji akaanguka juu yake.

Wanafunzi walimbeba mchinjaji kwenye machela, anapumua povu jekundu. Mtaalamu wa ubongo alishuka mezani, akachuchumaa kando ya kichwa, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Uji," alisema. "Umenipa uji. Saini yangu naiondoa."

Mkuu wa kitivo, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alimvuta mhadhiri kando, karibu na mabomba.

"Yanazungumzika," alinong'ona. "Andika kwenye ripoti kwamba mchinjaji alifunga kamba vibaya. Ajali ya mfanyakazi. Nikimwambia huyu wa ubongo kwamba jaribio lijalo atapata ubongo mzima, saini ataiacha. Mtaala wako utapita."

"Kamba zilifungwa sawasawa. Nilizikagua mimi."

"Dada, fikiri. Miaka mitatu ya kazi yako."

Alifikiri. Kisha akaomba kalamu, akaandika akiwa amesimama, karatasi imeegemezwa ukutani: mnyama alichomwa akiwa na fahamu kamili, kwa mujibu wa masharti niliyoyaandaa. Alikufa baada ya dakika kumi na moja. Mfanyakazi hana kosa. Chini akaongeza sharti la tano, kwamba mnyama azimishwe kwa bastola kwanza, ndipo idara zigawane kinachobaki.

Mtaalamu wa ubongo alisoma, akaomba kalamu ileile, akalikata jina lake kwa mistari miwili.

"Tuondoke, Dokta?" aliuliza mwanafunzi mmoja. Aproni yake ilikuwa nyekundu hadi kifuani.

"Mzoga bado una joto, na hakitupwi kitu," alisema mhadhiri. "Wawili waende hospitali na majeruhi, wampigie dada yangu simu. Waliobaki, nivutieni winchi ya kumnyanyulia."

Aliinama, akashika mpini uliokuwa bado umesimama kifuani mwa fahali, akavuta. Kisu kiligoma. Akakanyaga ubavu kwa buti, akavuta kwa mikono miwili.