Kila Picha na Maneno Yake

Simu ya Shangazi ilikuwa na sauti kavu ya kike, isiyojua kucheka wala kulia. Kila kilichoandikwa kwenye kundi la ukoo ilimsomea, naye alisikiliza huku mikono yake ikifuma masweta, maana macho yalimzimika angali msichana. Maneno iliyasoma vizuri. Ikifika kwenye picha ilisema "picha" tu, ikapita zake kama jirani aliyenuna.

Juma lile ukoo ulikuwa unachagua picha ya marehemu dada yake, ikuzwe na kutundikwa sebuleni kwa mjane wake. Shangazi alikulia kitanda kimoja na dada huyo, na jambo hili hakutaka limpite. Lakini kundi lilikwenda kwa macho. Mtu anatupia picha, wenzake wanabonyeza kidole gumba, shughuli imekwisha.

"Picha," ilisema simu. "Dole gumba juu. Dole gumba juu. Ua jekundu. Ua jekundu. Ua jekundu..."

Maua hayo yalikuwa ya kaka yake, fundi bomba, na hayakuwa na mwisho. Simu iliyasoma moja moja mpaka Shangazi akapotewa na hesabu ya mishono, akafuma mkono wa sweta wa kumtosha twiga. Aliwahi kuuliza kuna nini kwenye picha. Akajibiwa, "Ni dada, amependeza," basi. Kuuliza tena akaona haya.

Simu iliposema tena "picha" kutoka kwa kaka yake, Shangazi akaamua asionekane gogo. Akasogeza simu mdomoni, akatamka, nayo ikaandika:

"Hii ndiyo yenyewe! Dada yetu hasa. Mdomo ule ule, na kifua kile kile cha kuheshimika. Nimeichagua."

Kisha simu ikaanza, "Uso unaolia kwa kicheko. Uso unaolia kwa kicheko..."

Binti wa fundi, muuza dawa dukani na msimamizi wa kundi, akampigia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kwani msiba umegeuka harusi?"

"Shangazi, ile ni pampu ya maji. Baba alikuwa anamtumia mteja, akakosea kundi."

"Pampu?"

"Tena ina kutu."

Shangazi akavuta pumzi. "Nitoe humo, mwanangu. Dada yangu mchagueni wenye macho. Mimi nitaaibika bure."

"Sikutoi ng'o," alisema binti, akakata simu kabla hajajibiwa. Punde kundi likasomewa sheria: anayeweka picha aandike kilichomo, la sivyo inafutwa. Na maua, moja kwa mtu.

"Moja?" fundi akaandika. "Nimefiwa na dada, niomboleze kwa ua moja?"

"Moja, Baba."

Fundi akatii kwa shingo upande. Picha yake ya kwanza aliieleza hivi: "Dada yetu. Amesimama wima, kimo cha kawaida, havuji popote."

"Unamuuza?" Shangazi akauliza. "Usoni kukoje?"

"Amepakwa poda nyingi, kama ukuta unaosubiri rangi."

"Baba! Poda hiyo nilimpaka mimi."

"Ndiyo maana nimeandika nyingi."

"Huyo simjui," Shangazi akasema. "Mwingine."

Akaelezwa dada wa kwenye kitambulisho, aliyekodoa macho kama aliyeambiwa nyumba inaungua. "Mwingine." Akaelezwa aliyekaa katikati ya watu, akionekana sikio na nusu ya kilemba. "Mwingine." Ukoo ukaanza kunung'unika kwamba Shangazi amepewa shubiri, sasa anataka pima.

Ndipo simu ikalitaja jina la shemeji yake, mjane mwenyewe, mshona viatu. Tangu mazishi alikuwa hajaandika kitu ila "sawa". Sauti kavu ikasoma:

"Picha. Hii nilimpiga mimi, hakujua. Yuko dirishani jikoni, amenipa mgongo. Gauni la buluu, lile lililofumuka begani akakataa nimshonee. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua mwiko. Anamgombeza jirani aliyemwaga maji machafu uani kwetu. Mabega yamepanda mpaka masikioni. Hapo alikuwa karibu kucheka. Akigomba, kicheko kilianzia mabegani. Uso hauonekani."

Sindano za Shangazi zililala mapajani. Akaiamuru simu irudie. Ikarudia bila kutua, kavu vile vile, naye akamsikia dada yake akihema kabla ya neno la mwisho la kumchamba jirani.

"Shemeji, kwa heshima zote," fundi akaandika, "tutundike mgongo?"

"Wageni watasema nini?" akauliza mwingine.

"Nimemwona," Shangazi akatamka. "Ninyi mmeniletea poda na kitambulisho, huyu kaniletea dada yangu. Nachagua huo mgongo."

Fundi alibisha mpaka jioni kwamba mtu ni uso. Binti yake akabonyeza kidole gumba, wengine wakafuata mmoja mmoja, na mwishowe fundi naye, akiguna.

Picha ikakuzwa, ikatundikwa. Wageni huingia, huitazama, huinamisha kichwa upande huu na huu, kisha huuliza, "Huyu ni nani?" Na mshona viatu, ambaye watu walidhani msiba umemla ulimi, huwavutia kiti na kuanza na maji machafu ya jirani.