Inzi wa Mwani

Miaka yote aliyoendesha mgahawa wake, Mama Usafi hakumpa inzi nafasi ya kutua mara mbili. Wateja walimtania kwamba inzi wa mtaa ule wakifika mlangoni kwake hugeuza njia. Alicheka, kitambaa begani.

Basi binti yake, mwanafunzi wa chuo, akarudi likizo na chupa pana alizozipanga dirishani chumbani, kila moja imefunikwa chandarua. Alipotoka kwenda dukani, mama aliingia kufagia. Akaona mwani uliooza, funza, na vijinzi vyeusi vikitambaa. Hakuuliza mtu. Maji ya moto yalikuwa tayari jikoni.

"Mama, chupa zangu ziko wapi?"

"Nimekuoshea, zinang'aa. Uchafu gani ule, mwanangu? Ungekuletea maradhi!"

Binti aliketi kitandani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mama. Alieleza taratibu kwamba wale ni inzi wa ufukweni, huzaliana kwenye mwani unaotupwa na bahari. Ufukwe alikowatoa umeshafukiwa kwa mawe, na kwingine kote alikotafuta hakuwapata. Amewalea tangu aanze chuo.

"Wachache waliponyoka nilipofungua," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Akipatikana jike mmoja mwenye mayai, anatosha. Nitaanza upya."

Waliwasaka nyumba nzima, mama akipiga magoti hadi chini ya meza za wateja, roho ikimuuma. Heri angegombezwa. Kesho yake binti akarudi chuoni, akamwachia chupa moja yenye mwani mbichi, huenda akatokea hata mmoja.

Siku ya pili, mchana, mgahawa umejaa, kijinzi cheusi kilitua kwenye ubao wa dirisha. Mama alikitambua pale pale. Chupa ilikuwa rafuni, karibu tu. Lakini mkono haukumngoja. Kitambaa kilishatoka begani na kupiga.

"Mama Usafi hakosei!" mteja mmoja alishangilia.

Aliinama. Tumbo la inzi lilikuwa limepasuka, na vijiyai vyeupe vimesagika ubaoni.

Jioni binti alipiga simu. Baada ya salamu akauliza, "Bado hujamwona hata mmoja?"

Mama aliitazama ile chupa, mwani wake umeanza kulainika.

"Bado, mwanangu," alisema. "Lakini naangalia."