Mpaka Nukta ya Mwisho

Jumapili alasiri dobi alizima mashine zake akatuachia mvuke. Ulielea kati ya mashuka yaliyotundikwa toka ukuta hadi ukuta, na mwanga wa dirishani ukipita humo ulitoka mweupe na mlegevu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Huko ndiko tulikosomea. Ukikaa kwenye benchi la kukunjia nguo humwoni mwenzako. Unasikia tu sauti ikitoka nyuma ya shuka, utadhani kitabu chenyewe kinaongea.

Tulikuwa wanne: dobi, fundi saa, shangazi yangu na mimi. Riwaya kongwe tulizozitaka zilikuwa adimu, tukipata nakala moja ni bahati. Basi dobi alikata uzi wa kitabu, akakigawa vipande, kila kipande akakivalisha jalada la kaki, tukawa tunapokezana. Sheria yetu ilikuwa moja: aliyetangulia hamwambii aliye nyuma.

Mwanzoni mwa mwaka kila mtu alitaja nadhiri yake ya kusoma.

"Mimi nitamaliza riwaya zote kubwa kabla nywele hazijaniisha," alisema fundi saa.

"Basi umeshachelewa," dobi akamjibu, maana kichwa cha fundi saa kiling'aa kuliko saa zake.

Mimi niliapa kuzisoma zote ili nijue zipi naweza kuzishinda kwa kalamu yangu. Walicheka. Waliniita Malenga kwa kejeli, nami nililivaa jina hilo kama kilemba.

Shangazi alisubiri kicheko kipoe. "Mimi kimoja tu. Lakini nikisome mwenyewe, mpaka nukta ya mwisho."

Alijifunza kusoma akiwa na mvi tayari. Maisha yake yote alikuwa wa kusomewa: barua, maelezo ya dawa, hata maandishi ya juu ya kaburi la mumewe.

Alichagua riwaya ya mjane aliyefunga lango la bustani yake, akaapa halifungui hadi mdogo wake aje kumwomba radhi. Sisi wengine tuliimaliza mapema. Yeye alihamia humo. Kidole kilitembea chini ya maneno taratibu, na hata nyumbani, akimenya viazi, angeinua uso ghafla na kuniuliza, "Hivi ile bustani nani anaimwagilia?"

"Huyo mjane ana kiburi," fundi saa alisema siku moja nyuma ya shuka lake.

"Wewe hujakosewa na mdogo wako, ndiyo maana," shangazi akamjibu. "Lakini atamfungulia. Namjua."

Tukanyamaza. Sheria ni sheria.

Kilipobaki kipande cha mwisho, shangazi mwenyewe alimwambia dobi, "Kifiche, baba, nisije nikachungulia." Dobi akakitia mfukoni mwa koti la mteja aliyelisahau siku nyingi. Kisha mteja akatuma salamu kwamba anakuja kulichukua, na dobi, kwa furaha, akaliloweka.

Jumapili ile tulimkuta ameketi sakafuni, donge la karatasi mapajani.

"Dada, nipige tu," alisema.

Shangazi aliligusa lile donge kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima homa.

"Usijali, shangazi," nikadakia. "Nimekihifadhi chote kichwani. Nitakusimulia, tena kwa lugha tamu kuliko ya mwandishi."

"Mwanangu," alisema polepole, "sikujifunza kusoma uzeeni ili nisimuliwe."

Nilitamani mvuke unimeze.

Fundi saa akatoa kibano chake chembamba, akaanza kubandua ukurasa mmoja mmoja huku amezuia pumzi. Dobi akautandika kila mmoja kati ya vitambaa, akapitisha pasi. Mvuke ulipanda, na maneno yakarudi, mengine kamili, mengine yamechunika na kwenda zake.

Shangazi akasoma kwa sauti. Palipokuwa na pengo hakuruka. Alinyamaza kadiri neno lilivyokuwa refu, kisha akaendelea. Katika ule ukimya mashuka yalipumua, nami nilisikia majani ya bustani ya mjane yakisuguana.

Akafika ukurasa wa mwisho. "Mjane akautwaa ufunguo... upepo... mdogo wake..." Kisha weupe mtupu.

Mstari ule niliujua. Mjane aliutupa ufunguo kisimani, na lango halikufunguliwa tena. Ulinichoma ulimi.

Kidole cha shangazi kilivuka ule weupe bila haraka, kikasimama ukingoni. "Hii hapa," alisema. "Nukta."

"Na lango?" dobi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Si niliwaambia? Amefungua."

Fundi saa alifunua kinywa. Dobi akamkanyaga mguu.

Shangazi akanigeukia, macho yamemjaa nuru. "Au siyo, Malenga? Sasa sote tumemaliza, sheria haikuzuii. Mwisho ulikuwaje?"

Nilimtazama. Mimi, niliyejigamba kwamba kitabu chote kimo kichwani.

"Nimesahau, shangazi."

"Malenga kasahau!" Alicheka mpaka akashika benchi, na wenzangu wakacheka naye, nami nikakiacha kilemba changu kianguke.

Shuka moja likajipindua kwa upepo wa dirishani, likaacha upenyo wa kupita mtu. Tangu siku ile, kila nikiikumbuka riwaya ile, naliona lango liko wazi.