Alichosema Mama Pale Mtabila

Televisheni mpya ilikuwa pana kuliko dirisha la sebule. Hashimu alipomaliza kuifunga ukutani alirudi nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja, akahakikisha haikupinda. Vumbi jekundu la ukuta lilikuwa limemjaa mikononi. Alijipangusa kwa kitambaa, akapokea kikombe cha chai, na kuanza kueleza kwa kile Kiswahili chake cha Ujiji ambacho wateja wengi wa Kasulu walikipenda kuliko bidhaa zenyewe.

"Mama Ange, hii si ya taarifa ya habari tu. Intaneti nzima imo humu. Ukitaka, unachomeka waya kutoka kwenye kompyuta. Hutaki waya, unarusha skrini ya simu. Kilichomo mkononi kinahamia ukutani. Na kama hata hilo linakuchosha, simu iwe hotspoti tu, uiweke pembeni, televisheni ijitafutie yenyewe. Unaandika kwa rimoti, herufi mojamoja."

"Natafuta chochote?" Epifania aliuliza.

"Chochote. Jaribu."

Sylvesta, mumewe, alicheka kutoka kwenye kochi. "Huyo atatafuta mapishi ya keki." Alikuwa amejinyoosha kwa raha ya mchana wa Jumapili, shati la kanisani limefunguliwa vifungo vya juu. Mjini walimwita Mkalimani. Mhubiri mgeni akija, Sylvesta ndiye aliyesimama kando yake. Wageni wa mashirika wakifika, gari lilimfuata yeye. Watu walisema maneno hayapotei mikononi mwa Sylvesta, na Epifania alikuwa akiyasikia hayo kwa fahari.

Alibonyeza M. Akaitafuta T, kisha A. Hakuwa amepanga. Ila mtu akiambiwa atafute chochote, kidole huenda kilikozoea kukatazwa. Alizaliwa Mtabila, katika kambi ya wakimbizi Warundi, ndani ya nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa turubai, na tangu kambi ifungwe hakuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mwanawe.

Orodha ya video ilipojitokeza, kicheko cha Sylvesta kilikatika.

"Weka kitu kingine, mama Ange. Hashimu angependa kutazama mpira."

"Mimi? Hapana, bwana," alisema Hashimu. "Acha mama ajifunze."

Epifania alichagua video ya kwanza. Ilikuwa ripoti fupi ya siku za kufungwa kwa kambi: malori yaliyopangwa barabarani, magodoro yamefungwa kamba, kuku amening'inizwa miguu juu. Kisha, bila onyo, uso wa mama yake ukaijaza sebule.

Kwa miaka kumi na zaidi Epifania alikuwa ameukasirikia uso huo. Siku ile alikuwa Kasulu, msichana wa kazi dukani kwa Bi Mwamvua, na alipopata habari kwamba malori yanaondoka alikimbia hadi pumzi zikamkauka. Alikuta mlango wazi na jiko limezimwa kwa maji. Pale barabarani alisimama kijana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa amewatafsiria waandishi mchana kutwa. Ndiye aliyempa habari kwa upole: Mama yako alipanda lori mwenyewe. Alisema hapa haachi kitu.

Hapa haachi kitu. Maneno hayo alilala nayo, akaamka nayo, akayatia kwenye kila sahani aliyoiosha kwa Bi Mwamvua. Aliacha kusema Kirundi. Mama yake alipoazima simu ya mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka na kumpigia dukani kwa mara ya kwanza, Epifania hakumpa nafasi ya salamu. "Ulisema huachi kitu," alimwambia. "Basi usitafute kitu." Upande wa pili palikuwa na kimya kirefu, kisha simu ikakatika. Kimya kile alikipokea kama ungamo. Yule kijana mwenye kofia ndiye aliyeendelea kupita dukani kumjulia hali, mwaka baada ya mwaka, na hatimaye akamposa. Alikubali kwa sababu, kati ya watu wote aliowajua, ni yeye pekee aliyemwambia ukweli.

Ukutani, mwandishi alimuuliza mama anajisikiaje.

"Umwana wanje ari i Kasulu," mama alijibu. "Ndamurindiriye."

Mwanangu yuko Kasulu. Ninamngoja. Lugha aliyodhani ameizika ilimfikia Epifania nzima, bila kupotea hata silabi. Mama hakuishia hapo. Alisema hatauinua mguu wake kuutia kwenye lori mpaka binti yake afike. Aliomba wamwambie dereva asubiri kidogo. Msichana anaitwa Epifania, alisema, yuko dukani kwa mama mmoja anayeitwa Mwamvua, si mbali, amevaa kitenge cha njano, mtu mwenye baiskeli angemfuata mara moja. Aliyasema haya huku akimtazama mtu aliyesimama nje ya picha, kwa macho ya mtu aliyekwisha kumwamini.

Kisha mtu huyo akatafsiri. "Anasema amefurahi sana kurudi nyumbani. Anasema hapa haachi kitu."

"Kitu chochote?" mwandishi aliuliza.

"Chochote."

Kamera iligeuka kuyafuata malori, na katika kugeuka ikampitia kijana mwembamba, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

"Baba!" Ange, mtoto wao, alipiga makofi. Alikuwa na miaka saba, na kwake lilikuwa jambo la ajabu tu kumwona baba yake kwenye televisheni. "Mama, na yule bibi ni nani?"

Hashimu hakujua Kirundi, lakini alijua nyumba inavyokuwa kabla haijaungua. Aliweka kikombe chini, akakusanya bisibisi zake. "Nitapita siku nyingine," alisema, na hakusubiri kuagwa.

Epifania alibonyeza rimoti, akairudisha picha nyuma. Mama akasema tena. Kijana akatafsiri tena. Akairudisha. Kila mara aliongeza sauti, mpaka vikombe vikatetemeka mezani na jirani akachungulia juu ya ua. Haachi kitu. Haachi kitu. Sauti ya Sylvesta wa zamani iliijaza nyumba ya Sylvesta wa leo, changa, fasaha, isiyo na kigugumizi.

"Zima, mama Ange."

"Sizimi. Leo utajisikiliza."

"Mtoto yupo hapa."

"Na mimi nilikuwa mtoto!"

Sylvesta aliinuka, akauchomoa waya ukutani. Alimwambia Ange aende kwa jirani, na mtoto akaenda huku akigeuka nyuma.

"Mwandishi alitaka mtu mwenye furaha," alisema hatimaye. "Alisema ana dakika chache na kipindi kinahitaji mtu mwenye furaha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kibarua, Epifania. Na mimi nilikuwa mkimbizi. Ningeanza kupinga, mtu angeuliza huyu naye anafanya nini hapa, mbona hayumo kwenye lori."

"Hilo nimelisikia. Uliogopa. Naweza kukaa na mtu aliyeogopa." Alimsogelea. "Lakini mimi nilifika pale jioni, mwandishi ameshaondoka, kamera hakuna. Mimi uliniambia kwa nini?"

Mtu aliyezoea kutafuta neno linalofaa kwa kila mgeni sasa alikuwa akilitafuta kwa ajili ya mkewe, naye Epifania alimwona akiyapima maneno, akiyaacha, akiokota mengine.

"Ulikuwa unalia," alisema. "Nilifikiri hasira itakusaidia kuliko kungoja. Mtu mwenye hasira hula, hulala, huendelea na maisha. Nawe uliendelea. Tazama, una nyumba, una mtoto…"

"Uliniamulia."

"Nilikuhurumia."

"Ulinipa hasira isiyo yangu nikailea miaka yote hii, nikamrushia mama yangu, nawe unanitazama tu!" Alitaka kumpiga na rimoti. Aliitazama mkononi mwake, akaitupa sakafuni, na betri zikabingirika chini ya kabati. "Siku aliponipigia ulikuwa umesimama kando yangu. Ulisikia nilichomwambia. Ungeweza hata kukohoa!"

Sylvesta alipiga magoti, akaanza kuzitafuta betri chini ya kabati.

Asubuhi Sylvesta alimkuta mkewe mlangoni, amevaa, begi begani. "Nitakuja nawe kwa mama yako," alisema. "Nitamweleza mwenyewe."

"Kwa lugha ipi? Zote umeshazitumia."

Epifania alimchukua Ange, akapanda basi la Kibondo. Hakusema atarudi lini, na Sylvesta, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ya watu wengine, hakuthubutu kuuliza la kwake. Njiani mashamba ya mihogo na migomba yalipita dirishani, na hasira haikupungua kwa urefu wa barabara kama alivyotarajia. Ilibadilika sura tu. Walipoondoka Kasulu ilimwelekea mumewe. Kufikia Kibondo ilikuwa imegeuka, ikamwelekea yeye mwenyewe: msichana aliyeamini upesi, mwanamke aliyeona kuamini huko ni heshima.

Kibondo walilala kwa Niyonkuru, mama aliyenunua maharage kwa Warundi waliovuka siku za gulio. Ndiye aliyetuma ujumbe ng'ambo kumwita mama. Gulio lilipowadia walishuka naye Mabamba, mpakani, wakasimama penye wauza vikapu.

Mama yake alikuja akiwa ameshika fimbo. Alikuwa amepungua, kitambaa kichwani kimefungwa vilevile kwa nyuma. Epifania alikuwa ameandaa maneno ya Kirundi tangu Kasulu, ameyapanga, ameyarudia moyoni basi zima. Hakupata nafasi ya hata moja. Mama alisimama mbele yake, akamkagua kuanzia miguu hadi kichwani, kisha akapasuka. Alimkaripia katikati ya soko, kwa sauti iliyowafanya wauza vikapu wageuke. Alimuuliza ni mtoto wa namna gani anayemkatia mama yake kauli. Alimuuliza duka la Mwamvua lilikuwa mbali kiasi gani. Alisema alisukumwa lorini, akafungiwa ubao wa nyuma huku akiita jina la binti yake, na kwamba koo lake halikupona mwezi mzima. Alitaja mvua, alitaja mavuno, alitaja mazishi ambayo Epifania hakuyajua. Fimbo ilipiga ardhi kila mwisho wa sentensi.

Epifania alisimama amenyoosha mikono kando, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Hakuyafuta. Hakujitetea. Hakutaka hata neno moja lirukwe.

Ange alimvuta kitenge. "Mama, bibi anasema nini?"

"Subiri," Epifania alimnong'oneza, bila kuyaondoa macho yake kwa mama. "Hajamaliza."