Salamu kwa Désiré

Jumamosi ile jioni Mukuka alitoka mtaa wa Ruashi kwa baiskeli, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni, na mfukoni ana kikaratasi alichokiandika na kukichana mara tatu kabla ya kuridhika. Kilikuwa na neno moja tu: Désiré.

Ndilo jina alilobatizwa. Serikali ilipoamua kwamba majina ya Kizungu ni aibu kwa Mzaire, kila mtu alipewa kadi mpya na kuitwa Citoyen, yaani raia, naye akawa Citoyen Mukuka kwenye tanuru za shaba alikofanya kazi, Citoyen Mukuka kwa majirani, Citoyen Mukuka hata kwenye foleni ya mkate. Hakulalamika, angelalamika kwa nani? Nyumbani, mlango ukishafungwa, mkewe Simone alimwita Désiré kama zamani, mara nyingine kwa hasira, na hata hasira hiyo ilikuwa tamu. Homa ilimchukua Simone mwaka juzi. Tangu hapo hakuna kinywa kilicholitamka jina lile, na Mukuka alianza kuona kwamba siku ile walizikwa watu wawili.

Mtu mzima hawezi kusimama njiani akaomba aitwe jina lake. Lakini baa ya Mama Ngosa, kule Kamalondo, ilikuwa na mtindo wake. Mwimbaji wa okestra alikuwa amekimbilia Kinshasa bila kuaga, wapiga gitaa wakabaki wameduwaa, na Mama Ngosa, ambaye hakuwa mwanamke wa kupoteza wateja kizembe, akatangaza kwamba wateja wenyewe wataimba kwa zamu. Unaandika jina, unampa Chanda mshereheshaji, naye analisoma kwenye maikrofoni mpaka mtaa wa pili wanasikia. Wengi waliimba kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani, na walipigiwa makofi vilevile. Mukuka hakujali kuimba. Alitaka kuitwa.

Chanda alikisoma kikaratasi, kisha akainua macho polepole kuelekea meza ya mbele, walikokaa vijana wawili wenye beji za chama.

"Papa, ii jina siwezi kuita," alinong'ona. "Batanifunga. Jina ya ku karte ni gani?"

"Mukuka."

"Basi, ni iyo."

Maikrofoni ikanguruma: Citoyen Mukuka, wa Ruashi. Alitamani kuifuata baiskeli yake, ila watu walikwisha kugeuka kumtazama, na aibu ya kukimbia ilizidi aibu ya kuimba. Akapanda jukwaani.

Aliimba wimbo wa taratibu uliopendwa mwaka ule, wala hakuharibu sana. Katikati gitaa likabaki peke yake, pale mwimbaji anapotaja majina ya watu wake. Waliomtangulia walikuwa wametaja mashemeji, mabosi, hata fundi cherehani. Mukuka akafumba macho. "Désiré," akaimba. "Désiré, eeh." Sauti ilitoka yote. Vijana wa chama walikuwa wakibishana juu ya mpira. Jina lilizunguka ukumbi mzima, lakini lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe, na moyo wake haukudanganyika. Alishuka akiwa mpweke kuliko alivyopanda.

Mwaba, mhudumu, akamletea bia mezani.

"Papa, uyu Désiré ni nani?"

Mukuka alijimiminia bia taratibu, apate kuendelea kulisikia jina lile kutoka kinywa kisicho chake.

"Iko muntu moya wa ku Ruashi," alisema mwishowe.

"Anaishi na nani?"

"Iko yeye moya. Bibi yake alikufa."

"Maskini Désiré." Mwaba alipangusa meza, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. "Umusalimie, Papa. Umwambie Mwaba wa ku Kamalondo anamusalimia."

Mukuka alitaka kumwambia, ni mimi. Neno lilifika kwenye ulimi, lakini meza nyingine ilikuwa inaita bia na Mwaba alikwisha kuondoka.

Alirudi Ruashi taratibu, akisukuma baiskeli hata sehemu za mteremko. Nyumbani aliwasha taa ya mafuta, akaketi kwenye kiti chake, kile cha Simone kikiwa mbele yake.

"Désiré," alisema, "Mwaba wa ku Kamalondo anakusalimia."

Akangoja kidogo, kama mtu anavyongoja kujibiwa.

"Aksanti," alijibu, akaanza kufungua vifungo vya abakosti.