Gari la Kulala la Ronald

Zita hakuwa na kinyongo na gari. Kinyongo chake kilikuwa kwa mdogo wake Ronald, aliyepanda nalo kutoka Dar hadi kwao Mwika kula Krismasi, akaliegesha katikati ya migomba ya kihamba, shamba la nyumbani la marehemu baba yao, halafu akalala humo humo. Gari lina kitanda, jiko, friji, hata feni, kana kwamba huku mlimani watu wanakufa kwa joto. Na nyumbani kuna chumba ambacho mama yao, Bernadetha, alikipaka rangi kwa ajili yake.

Majirani wakaanza kuuliza kwa ule upole wao: kumbe mwanao hataki nyumba? Tangu hapo mama akawa anawapakulia wengine tu, yeye hali.

Jioni, jua likiwapo bado, Zita akamfuata Ronald mbele ya wajomba.

"Hebu tufundishe na sisi washamba. Betri ya humo ndani inafunguliwaje?"

Ronald ukimwomba akufundishe umempa Krismasi mara mbili. Akazima friji, taa na feni, akieleza kila kimoja kwa sauti ya mahubiri. Akapanda juu, akafunika paneli ya sola kwa majani ya mgomba, maana turubai lake la kisasa alilisahau Dar. Akavua saa na pete.

"Chuma kikishika umeme hapa, kidole kinaiva. Waya mweusi kwanza, ndio hasi. Ukianza na mwekundu, spana ikagusa bodi, ni cheche. Mnaelewa?"

"Tunajitahidi," Zita akasema.

Mweusi ukatoka, kisha mwekundu. Akavifunga vichwa vya waya kwa vitambaa visigusane na kitu. Kazi safi, hilo Zita hakumnyima. Zita akaiokota spana, akaifutika kwenye khanga.

"Nipe, dada, nirudishe waya."

"Asubuhi."

"Friji ina nyama."

"Nyama ije jikoni, na wewe uje kulala ndani. Mama amekutandikia tangu juzi, anakula aibu za watu."

Ronald akawageukia wajomba. Mkubwa wao, Mzee Efraimu, akamuuliza, kama mtu anayetaka kujua tu, iwapo gari hilo lina choo, na kama kipo, anamwagia migomba ya nani.

Ronald akabeba mto wake, ule wa kunyoosha shingo, akaingia ndani.

"Vua viatu," mama akamwambia. "Nimepiga deki."

Kisha akavuta sufuria ya mtori wa ndizi, akajipakulia bakuli limejaa.